Tumbo la Boti

Mara ya kwanza tulipokwenda kutazama boti, shemeji yangu alipanda ndani. Alikaa kwenye kiti cha usukani, akafunua visanduku vyote, akabonyeza mito, akapiga picha za kumpelekea dada yangu aliyebaki nyumbani na watoto. Mzee tuliyekuja naye hakupanda. Alizunguka nyuma ya trela, akatandika gunia juu ya changarawe, akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka jicho lake likawa sawasawa na mkuku. Akabaki vile kitambo kirefu, kama mtu anayesikiliza. Aliponyanyuka alinipisha, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuweka goti.

Mzee huyu amefanya kazi ya boti kwa zaidi ya miaka 50 pwani ya Buzzards Bay, jimbo la Massachusetts. Alianza na za mbao, akahamia za fibaglasi, na siku hizi kazi yake kubwa ni kufufua boti kuukuu. Nilifahamiana naye miaka yangu ya kwanza New Bedford, nilipokuwa nikipita kwenye uwanja wake jioni kutazama tu. Hakuwahi kuniuliza nataka nini. Siku moja alinipa msasa, nikaanza kusugua.

Nilipoweka goti pale kwenye gunia nilimkumbuka babu yangu mzaa mama. Kwetu kaskazini mwa Pemba, maji ya bamvua yakitoka, vyombo hubaki vimekaa mchangani, vimeegemezwa magadi, matumbo wazi. Huo ndio wakati babu aliotoka kwenda kutazama kazi za mafundi wenzake. Chombo kikielea hakukisifu wala hakukitia ila. Alingoja maji yatoke. Hapo alipitisha kiganja kutoka omo kwenda tezi, taratibu, akirudi nyuma pale alipohisi jambo, na sisi wajukuu tukimfuata kimya. Alikuwa fundi wa ngalawa. Mpini wa tezo yake ulikuwa umelika kufuata vidole vyake, hata mtu mwingine akiushika aliona haumkubali.

Boti ya kuvutwa kwa trela humfanyia mnunuzi hisani ambayo vyombo vingine humfanyia kwa masaa machache tu. Haihitaji bamvua. Tumbo lake liko nje mchana kutwa, usawa wa kiuno cha mtu, na kila alichokiamua fundi kinasomeka hapo. Hata hivyo wanunuzi wengi hawaendi kusoma. Huenda kwenye viti, kwenye redio, kwenye rangi. Simlaumu shemeji; familia itakaa kwenye viti, haitakaa kwenye mkuku. Lakini maji yatakutana na mkuku kwanza, na yatakayotokea baina ya hivyo viwili ndiyo yatakayofika kwenye mgongo wa dada yangu.

Dada ana watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Wanachotaka ni kutoka New Bedford Jumamosi asubuhi, wavuke ghuba mpaka Cuttyhunk, kisiwa cha mwisho katika safu ya Elizabeth Islands, wavue, waogelee, warudi jioni. Asubuhi safari hiyo haina neno, maji yametulia kama yaliyomo ndani ya beseni. Jioni ni jambo jingine. Buzzards Bay ina urefu wa kilomita 45 hivi na upana wa 12 hivi, na kina chake kwa wastani ni mita 11 tu. Mdomo wake umeelekea kusini magharibi. Majira ya joto, ardhi ikishachemka, upepo wa kusini magharibi huingia moja kwa moja kupitia mdomo ule, na kufikia saa nane au tisa mchana huwa umefika noti 15, mara nyingi 20. Maji yakiwa yanatoka wakati upepo unaingia, viwili hivyo hukutana uso kwa uso. Wimbi hukosa nafasi ya kujinyoosha. Husimama wima, hufupika, na jingine huwa limefika kabla la kwanza halijapita. Kimo chake hakizidi mita moja na kidogo. Meli haitalihisi. Kwa boti ya futi 20 inayokwenda mbio, ni kama gari kupita juu ya magogo yaliyopangwa.

Pemba tunayajua maji ya namna hiyo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi likivuma, upepo na mkondo huongozana, na mawimbi, hata yakiwa makubwa, huwa na nafasi baina yao. Kaskazi likishika, upepo huja kinyume cha mkondo, na bahari ileile kati ya Pemba na Tanga hukunjamana, ikawa vilima vifupi vyenye vichwa vyeupe. Nahodha hulalamikia ufupi wa wimbi kuliko kimo chake.

Sasa boti inapigwaje na wimbi fupi? Hapa ndipo palipo ufundi, na hapa ndipo macho ya wengi hudanganyika. Mtu akisimama mbele ya boti, akaona omo imechongoka kama kisu, husema: hii itakata mawimbi. Omo kali ni jambo jema. Lakini boti ya mashine ikishakaza mwendo huinuka na kupanda juu ya maji, na omo yote ile kali huwa hewani. Sehemu inayobaki kugusa bahari ni theluthi ya nyuma. Kwa hiyo kila inaporuka wimbi na kurudi chini, haitui kwa omo. Inatua kwa tumbo la nyuma. Na kwa miaka mingi mafundi wa boti za mwendo kasi waliwachongea watu omo kali, kisha wakalilaza tumbo kadiri lilivyokwenda nyuma, mpaka likifika tezi likawa bapa kama sinia. Walikuwa na sababu: tumbo bapa hupanda maji upesi, halihitaji mashine kubwa, na halitikisiki boti ikisimama. Lakini piga sinia juu ya maji kwa nguvu, usikie mlio wake na uhisi kiganja chako.

Liko pia balaa jingine, ambalo mimi naliogopa zaidi kwa familia. Boti yenye omo kali iliyozama na tezi bapa, ikikimbia na mawimbi kutoka nyuma, hufika mahali omo ikajichimbia kwenye mgongo wa wimbi lililotangulia, na tezi, kwa kuwa haina cha kuishika majini, huteleza upande. Boti hutaka kugeuka yenyewe. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi mkononi mwake ghafla. Nimelihisi hilo mara moja na sitaki dada yangu alihisi.

Aliyelikabili jambo hili mpaka mwisho alikuwa mtu wa pwani hii hii, Raymond Hunt, aliyezaliwa Duxbury, Massachusetts, mwaka 1908. Hakusomea chuoni ujenzi wa vyombo. Alijifunza kwa kusafiri, kushindana kwa tanga, na kutazama maji. Baada ya kimbunga kikubwa cha Septemba 1938 kuharibu vyombo vingi vya Buzzards Bay, alichora chombo cha tanga cha futi 39 na zaidi kwa ajili ya maji haya haya mafupi; vikaundwa 103 vya namna ile, vinaitwa Concordia, na vingine bado vinaelea Padanaram, ng'ambo kidogo ya New Bedford. Ukivitazama vikiwa vimetia nanga unaona mkono wa mtu aliyeipenda kazi. Hakuna mstari ndani yake unaokatika ghafla.

Katika miaka ya 1950 Hunt aliugeukia mwendo kasi. Alichofanya kinaelezeka kwa sentensi moja, na ndiyo maana nakistaajabia: alikataa kulilaza tumbo. Alichukua mchongoko ule wa katikati ya boti, wa digrii 24 hivi kila upande, akaupeleka nyuma vilevile mpaka tezi bila kuupunguza. Ukikata boti ile katikati, kisha ukaikata tena mwisho wake, utaona herufi V ileile. Halafu, ili tumbo kali namna hiyo lisizame sana na lisinyunyize maji kila mahali, akalipachika matuta membamba yanayokwenda kwa urefu, kutoka omo kuelekea nyuma. Kila tuta huyavunja maji yanayopanda ubavuni, huyatupa nje, na katika kuyatupa huinyanyua boti kidogo. Vitu viwili tu, V isiyopungua na matuta. Lakini aliyaacha kwa hiari mambo ambayo wote waliomtangulia waliyashikilia: utulivu wa boti ikisimama, na wepesi wa kupanda maji kwa mashine ndogo. Aliona nini hasa kinachomuumiza mtu baharini, akakilipia.

Mwaka 1958, wakati wa mashindano ya tanga ya America's Cup huko Newport, Rhode Island, boti yake ya futi 23 ilikuwa ikizunguka kati ya vyombo vya tanga. Dick Bertram wa Miami, aliyekuwa miongoni mwa mabaharia wa chombo kimojawapo, aliiona ikipita juu ya bahari iliyochafuka kwa mwendo ambao boti nyingine zisingethubutu. Akaagiza ya kwake, kubwa zaidi, akaiita Moppie, jina la utani la mkewe. Aprili 1960 waliiingiza katika mashindano ya Miami hadi Nassau, siku ambayo upepo ulikuwa mkali na bahari imevimba. Ilifika kwa muda wa saa nane. Ya pili kufika ilikuwa ya futi 23, nayo ya mkono wa Hunt. Ya tatu ilifika siku iliyofuata. Kutokana na Moppie lilitolewa kalibu la boti ya fibaglasi ya futi 31 iliyoendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 20, na tangu hapo hakuna fundi wa boti za mashine anayeweza kuchora tumbo bila kumjibu Hunt, ama kwa kumfuata ama kwa kueleza kwa nini hamfuati.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni kingine. Miaka ileile, mkono uleule ulikuwa ukichora jibu la kinyume kabisa. Richard Fisher alikuwa na wazo la boti ndogo yenye ngozi mbili za fibaglasi na povu gumu lililojazwa kati yake, na akaenda kwa Hunt kutafuta umbo. Kilichotoka, baada ya kubadilishwa na kubadilishwa tena, ni Boston Whaler ya kwanza, ya futi 13 na kidogo, iliyoingia sokoni 1958. Tumbo lake halina V moja. Lina migongo mitatu, mmoja katikati na miwili pembeni, na pembe zake za mbele ni pana karibu kama za nyuma. Mtu mzima anaweza kusimama ukingoni na isipinduke. Haizami: mwaka 1961 jarida la Life lilionyesha Fisher ameketi ndani ya boti hiyo ikikatwa kwa msumeno vipande viwili majini, kisha akaondoka na nusu ya nyuma yenye mashine.

Katika mawimbi mafupi boti ile ndogo hupiga. Kila aliyeipanda mchana wa Julai hapa anajua. Na Hunt alijua. Ndani ya miaka michache hiyo alimpa mtu mmoja utulivu na mwingine ulaini, kila mmoja kwa maji yake: hii kwa watoto wanaozunguka bandarini, wanaoegemea ubavu mmoja wote pamoja kutazama kaa, ile kwa wanaovuka bahari iliyo wazi. Sijui kipimo bora cha fundi kuliko hicho. Fundi wa kiwango cha chini akishapata umbo lake, humuuzia kila anayekuja.

Wapo waliomfuata Hunt kwa njia yao. Carl Moesly wa Florida, mwenye boti za SeaCraft, aliligawa tumbo kwa mabamba yanayokwenda kwa urefu, kila bamba na mteremko wake, lililoshuka ngazi kutoka kwa jirani yake. Boti zake za futi 20 na 23 za miaka ya 1960 na 1970 bado zinatafutwa. Watu hununua gamba tupu lililooza kila kitu ndani, wakalijenga upya kwa sababu ya tumbo tu. Mzee amefufua tatu. Anasema ukiingia chini ya moja ya hizo na taa, unaweza kukaa mpaka chakula kikapoa.

Na sisi tulikuwa na jibu letu kabla ya hao wote. Ngalawa ina mwili mwembamba, mkali, uliochongwa kwa gogo la mwembe. Peke yake ungelala ubavu mtu akipiga chafya. Basi mafundi wetu hawakuupanua mwili. Waliuacha mwembamba ukate maji, na kazi ya kusimama wakaipeleka pembeni, kwenye matengo mawili yaliyoshikwa na miti mirefu. Kazi mbili zinazogombana ndani ya tumbo la Hunt zimetenganishwa, kila moja na kiungo chake. Boti za mashine zenye matumbo mawili, ambazo Australia wanazipenda sana, zimeishika njia hiyo, na katika mawimbi mafupi ya mbele nyingi ni laini mno. Tulizifikiria. Bei yake ilitushinda, tukaendelea.

Ile boti ya kwanza, yenye mito mizuri, tuliikataa hapo hapo kwenye gunia. Mzee alitoa fito ya alumini ya mita mbili, iliyonyooka kabisa, akailaza chini ya tumbo, sambamba na mkuku, mwisho mmoja ukigusa tezi. Kati ya fito na tumbo palikuwa na mwanga. Nafasi ndogo, ya kupita sarafu tatu zilizobebana. Tumbo lilikuwa limebonyea kabla ya kufika mwisho, kwa hiyo ukingo wa tezi umeelekea chini kama ndoano. Haikutoka hivyo kiwandani. Trela ndiyo iliyofanya: mbao za kuikalia zilikuwa fupi, zimeishia shubiri nzima kabla ya tezi, na mashine nzito ikaning'inia nyuma kwa miaka mingi mpaka fibaglasi ikakubali. Boti yenye ndoano namna ile hujisukuma omo chini kila inapokaza mwendo. Yaani trela ileile inayokuonyesha tumbo ndiyo inayoweza kuliua, na huliua polepole, boti ikiwa imeegeshwa uani wakati wa baridi na hakuna mtu anayeitazama.

Shemeji hakuamini. "Shemeji, huo mwanga tu?" Mzee alimpa fito aishike mwenyewe. Akailaza, akachungulia, akaisogeza upande wa pili, akachungulia tena. Hakusema neno, ila tulipokuwa tunarudi aliuliza fito kama ile inauzwa wapi.

Tulitazama boti saba kwa wiki sita. Mzee alikuwa na nyundo ndogo ya mpira, na hii ndiyo sehemu ya kazi yake ninayoweza kuisikiliza siku nzima. Boti nyingi kuukuu zina mbao za plaiwudi ndani ya ukuta wa tezi, zimefunikwa na fibaglasi pande zote. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu ambayo mtu alitoboa kufunga kitu kidogo na hakuyaziba vizuri. Mbao huoza ndani, nje panang'aa. Mzee hupiga kuanzia juu, kipigo kimoja kila baada ya inchi mbili, nyundo ikidondoka kwa uzito wake. Pazima hujibu "ko", kavu, na nyundo huruka. Palipooza hujibu "bu", na nyundo hukaa. Kati ya hizo mbili zipo sauti ambazo mimi bado sizitofautishi. Yeye huzichorea mstari kwa chaki bila kusimama, na mwisho wa kazi tezi ina ramani ya ugonjwa wake. Babu alikuwa akigonga mwembe kabla ya kuukata, sikio limegusa gome, akauzunguka mti wote. Miti mingine aliisalimu akaondoka.

Tuliyoichukua ina futi 19 na nusu. Ni ya miaka ya 1980, rangi imepauka, mito imechanika. Mzee alipima mteremko wa tumbo pale tezi kwa ubao na kipimapembe: digrii 20. Si 24 za Hunt. Kwa boti ya kiasi hiki, alisema, na watoto ndani, ndipo angependa ziwe. V kali zaidi ingetaka mashine kubwa zaidi ili iinuke, ingetikisika zaidi wakivua, na ingehitaji mwendo mkubwa kubaki juu ya maji, na katika mawimbi mafupi uwezo wa kubaki juu kwa mwendo mdogo una thamani ya dhahabu. Digrii 20 zinatua kwa ulaini wa kutosha ikiwa dereva ana akili. Hapo alimtazama shemeji kwa upole, kama baba. Chini ya futi 20, sheria ya Marekani inataka boti za namna hii ziwe na povu la kutosha kuelea sawasawa hata zikijaa maji. Alifungua kifuniko cha sakafu, akatia mkono mpaka begani, akalitafuta povu, akalikuta kavu.

Upana wake ni futi 8 kasoro kidogo. Barabarani kikomo ni futi 8 na inchi 6 bila kibali, na kikomo hicho huamua mengi zaidi ya watu wanavyodhani: boti haiwezi kupanuka ili itulie, kwa hiyo fundi wa boti ya trela amefungwa mkono mmoja tangu mwanzo. Pamoja na mashine, mafuta na trela, mzigo wote unafika tani moja na nusu na kidogo, na gari la shemeji linauvuta. Uzito unaoegemea ndoano ya gari unatakiwa uwe kama sehemu moja ya kumi ya mzigo. Ukipungua sana, trela huanza kuyumba barabara kuu. Jaketi okozi za watoto tulinunua mpya, kwa uzito wao wa sasa, bila kuwaachia nafasi ya kukua.

Kabla ya kulipa tuliijaribu, safari hii pamoja na dada na watoto, na mzee ndiye aliyechagua saa: saa tisa mchana, maji yanatoka, upepo noti 18. Mwenye boti alitaka tuje asubuhi. Tulimwomba radhi tukaja mchana.

Kwanza uso kwa uso na mawimbi. Mzee aliishusha mashine pembe yake mpaka omo ikainama, boti ikakutana na wimbi kwa sehemu yake kali, akapunguza mwendo mpaka nikafikiri itashuka kutoka juu ya maji. Haikushuka. Ilikuwa ikitua kwa sauti ya mtu anayeketi kwenye kochi. Maji yalipasuka pembeni, yakagonga tuta la kwanza, yakalala nje. Nilining'inia ubavuni kuyatazama, na niliona wazi mahali mstari wa maji ulipokatika, kila mara palepale, kama karatasi inayochanwa kwenye ukingo wa rula. Kisha ubavu kwa mawimbi, ambapo ilitikisika, na inatikisika kweli, siwezi kuificha. Kisha tukageuka, tukakimbia nayo. Hapa nilimtazama mzee mikono. Boti ilipanda mgongo wa wimbi, ikateleza chini upande wa pili, omo ikagusa wimbi la mbele, na mimi nikajishika. Mikono yake haikufanya kitu. Tezi ilikuwa imeshikwa na V yake ndani ya maji, ikaenda mbele kama gari moshi kwenye reli. Alifanya hivyo mara tano au sita, kila mara akilegeza vidole zaidi, mpaka akawa ameshika usukani kwa vidole viwili.

Tulizima mashine, tukaachia boti ielee. Dada, watoto na shemeji nikawapeleka wote ubavu mmoja. Ililala. Watoto wakapiga kelele. Kisha kona ya ubavu, pale tumbo linapokutana na upande, ikaingia majini, na boti ikagoma kulala zaidi. Dada alimimina chai ya chupa katika vikombe vinne, akiwa amesimama, mguu mmoja umekaza.

Tulilipa jioni ile. Lakini boti haikwenda nyumbani. Ilipopandishwa kwenye trela, maji yakichuruzika kutoka ncha za matuta, mzee aliingia chini akaona mbao za kukalia zimeishia upana wa kiganja kabla ya tezi. Tumbo lilikuwa bado limenyooka. Alilihakikisha kwa fito, pande zote mbili, kisha akalihakikisha tena. Akasema boti haiondoki hivyo. Tukaivuta trela mpaka uwanjani kwake, akainyanyua tezi kwa jeki na magogo, akakata mbao mbili ndefu zaidi, akazivika zulia, akazitoboa. Jua lilikuwa limezama. Shemeji alilala chali kwenye changarawe akimshikia taa, watoto wamesinzia ndani ya gari, na dada akija mara kwa mara kuuliza kama kuna kilichobaki. Kilibaki. Ubao wa kushoto alizipaka gundi upya pembe za zulia lake kwa sababu hazikukaa alivyotaka. Alipoishusha boti, polepole, ilikaa na mwisho wa mbao ukawa chini ya tezi kabisa, sawasawa. Alikaza nati ya mwisho kwa vidole, kisha kwa spana, halafu akapitisha kiganja juu ya fibaglasi pale ilipokutana na ubao, kutoka mbele kwenda nyuma, akarudi tena kidogo mahali fulani, akaendelea.